Mota ya Kioo cha Gari: Maswali Tunayoulizwa Sana Hapa Malindi

Maswali haya tunaulizwa na madereva wa teksi, wenye magari ya kupeleka wageni Watamu na Gede, wafanyakazi wa viwanda vya chumvi kule Gongoni, na watu wenye magari yao ya nyumbani. Majibu yanahusu zaidi magari ya Kijapani yenye usukani kulia, kwa sababu ndiyo yaliyojaa barabara zetu, ingawa mengi yatakufaa hata kama gari lako ni la Kijerumani. Neno moja tunalisisitiza tangu mwanzo: mota ya kioo, ile inayopandisha na kushusha kioo cha mlango, haifi bure. Kuna kilichoiua. Ukibadilisha mota na kukiacha kilichoiua mle mlangoni, ile mpya nayo haitakaa.

Kioo kimekataa kupanda wala kushuka. Ninunue mota?

Usinunue kitu kwanza. Magari mengi yanayoletwa kwetu kwa jina la "mota imekufa" yana mota nzima kabisa.

Washa swichi ya gari bila kupiga injini, kisha jaribu vioo vyote, kimoja baada ya kingine. Vyote vinne vikiwa kimya, tafuta tatizo mahali vinapokutana, yaani fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) au ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), kwa sababu mota nne hazifi kwa pamoja. Vikigoma vya abiria na cha dereva kinakwenda vizuri, tazama swichi za mlango wa dereva. Kuna kibonyezo chenye picha ya dirisha lililokatwa mstari. Hicho ni kufuli la vioo. Mtoto akikibonyeza, au wewe mwenyewe ukikigusa kwa kiwiko, vioo vya abiria vinanyamaza. Wapo waliotoka Mambrui hadi mjini kwa sababu ya kibonyezo hicho tu.

Kikigoma kimoja peke yake, kijaribu kwa swichi ya dereva, halafu kwa swichi ya mlango wake. Kikiitika kwa moja na kukataa nyingine, mota haina kosa. Swichi ya dereva ndiyo huchoka kuliko zote kwa kuwa inaguswa kutwa, inamwagikiwa chai na soda, na inanyeshewa dirisha likiwa wazi. Mara nyingi inafunguliwa, vigusio vyake vya shaba vinasafishwa kwa dawa ya kusafishia umeme, na kazi imekwisha.

Nasikia mota inalia ndani ya mlango lakini kioo hakisogei. Mota ndiyo mbovu?

Mota inayolia inafanya kazi. Kilichokatika ni mashine ya kioo, yaani ule mtambo wa chuma unaokibeba na kukipandisha. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mashine ya kebo: waya mwembamba wa chuma unaozungushwa kwenye gurudumu la plastiki na kupita juu ya kapi ndogo. Kebo ikianza kukatika uzi mmoja mmoja utasikia kelele za kukwaruza wiki kadhaa kabla, halafu siku moja "tap!" na kioo kinaanguka ndani ya mlango. Ikiwa hivyo, nunua mashine. Ukipata inayouzwa pamoja na mota yake, na mota yako ni ya zamani, chukua zote mbili, kwa kuwa kazi ya kufungua mlango ni ile ile.

Wakati mwingine kebo ni nzima ila gia ya plastiki ndani ya kichwa cha mota imeliwa meno. Hapo mota inazunguka bure bila kushika.

Nitapimaje kujua kama ni mota ama ni nyaya?

Swali hili ndilo linalookoa pesa, kwa hiyo tulijibu kwa kirefu.

Mota ya kawaida ya kioo ni ya volti 12 na ina nyaya mbili tu. Umeme ukipita upande huu kioo kinapanda, ukigeuzwa kinashuka. Kazi ya kuugeuza ni ya swichi. Kwa hiyo chomoa plagi ya mota, weka mita ya kupimia volti kwenye vituo viwili vya plagi ya upande wa gari, halafu mtu abonyeze swichi kupandisha na kushusha. Unatakiwa kuona karibu volti 12 kwa upande mmoja, na 12 zenye alama ya kutoa kwa upande wa pili. Ukizipata zote mbili, umeme unafika. Usipopata kitu, rudi nyuma kwenye swichi na nyaya.

Lakini usiiamini mita peke yake. Waya uliokatika ukabakiwa na uzi mmoja unaweza kuonyesha volti 12 kamili pasipo mzigo, halafu ukanywea mota inapotaka kula umeme. Ndiyo maana tunapenda kupima kwa balbu ya taa ya breki, ile ya wati 21. Iunganishe mahali pa mota na ubonyeze swichi. Ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, nyaya zako ni nzima na mota ndiyo ya kuulizwa. Ikiwaka kwa unyonge, kuna sehemu umeme unapotelea.

Sehemu hiyo, mara nyingi, ni ile raba ya mikunjo iliyo kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba. Nyaya zote za mlangoni hupita humo, na kila mlango ukifunguliwa zinakunjwa na kukunjuliwa. Mlango wa dereva huumia zaidi. Dalili yake ni kioo kufanya kazi mlango ukiwa wazi nusu na kugoma ukifungwa. Vuta raba itoke, shika waya mmoja mmoja na uuvute taratibu. Uliokatika ndani utanyumbuka kama uzi wa raba. Uunge kwa kipande cha waya laini, uchomelee kwa risasi, na uvishe mrija wa kubana kwa moto. Kuzungusha nyaya kwa vidole na kufunga tepu hakudumu mahali panapokunjwa.

Ukishajua nyaya ni nzima, ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwa betri kwa nyaya mbili, na fyuzi ya ampea 20 katikati. Ikizunguka pande zote mbili, ni nzima. Tahadhari: mota ya dereva yenye kupanda yenyewe kwa mguso mmoja mara nyingi ina nyaya sita au zaidi, kwa kuwa ina kompyuta ndogo ndani. Usiichomeke betri kwa kubahatisha. Utaiunguza.

Nikiupiga mlango kiganja huku nimebonyeza swichi, kioo kinapanda. Kwa nini?

Kaboni zimeisha au zimekwama. Ndani ya mota kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi vigusane na pete ya shaba inayozunguka. Vinapolika, springi haivifikishi tena vizuri. Pigo la kiganja linavisogeza, umeme unapita, na mota inaamka kwa siku hiyo.

Ukifungua mota ya gari linalolala karibu na mashamba ya chumvi Gongoni utaona yaliyotokea. Unga mweusi wa kaboni umelowa ukawa uji mzito, umejaza mianya ya pete, na kingo za shaba zimeota ukijani. Kaboni yenyewe imeshikana na nyumba yake, haitoki wala haiingii. Mota iliyofungwa kwa skrubu inaweza kusafishwa na kutiwa kaboni mpya zilizosuguliwa zikaenea. Iliyobanwa kwa kukunja bati inafunguka, ila kuifunga tena maji yasiingie ni kazi ngumu, nasi humshauri mteja anunue nyingine. Kwa vyovyote, ukifikia hatua ya kupiga mlango, usisubiri masika ikukute kioo kiko chini.

Nilikuwa namwonyesha rafiki, nikapandisha na kushusha mara nyingi, kikazima. Baada ya muda kikarudi. Ni ugonjwa?

La. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake inayokata umeme zikipata moto. Iache ipoe. Ila ikikata baada ya kupandisha mara moja tu, kioo ni kizito mno, na jibu la swali linalofuata ndilo lako.

Kwa nini huku pwani vioo vinasumbua mapema hivi?

Chumvi, mchanga, na kazi zisizomalizika.

Chumvi iko hewani. Kusi ikivuma, gari lililoegeshwa karibu na ufuo hupata utando wa chumvi hadi kwenye plagi za ndani ya mlango, na chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua. Mchanga nao huingia kwenye zile raba zilizosimama wima ambamo kioo hupandia. Raba ikikauka kwa jua na kushika mchanga, inakibana kioo. Mota inayokula ampea chache kioo kikiwa chepesi hupanda mara mbili au tatu kioo kikibanwa, na kikikwama kabisa inaweza kupita ampea 20. Hapo ndipo kaboni zinapochomeka na gia za plastiki zinapokatika meno. Jipimie: mota ikiwa imefunguliwa, shika kioo kwa viganja viwili ukipandishe. Kikikataa, hakuna mota mpya itakayokaa humo.

Watu wengi hawajui kwamba mlango wa gari umetengenezwa ukijua maji yataingia. Maji yanayoteremka kwenye kioo hupita ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu madogo yaliyo chini, kwenye ukingo. Matundu yakizibwa na mchanga na majani, maji yanasimama, na mlango unaoza kutoka ndani. Ukifungua mlango ukasikia maji yanacheza, chukua kijiti uyazibue leo hii.

Halafu kuna nailoni. Nyuma ya paneli ya mlango huwa imebandikwa nailoni kwa gundi nyeusi isiyokauka. Mafundi wengi huichana na kuitupa, wakiona ni takataka ya kiwandani. Ile nailoni ndiyo inayoyarudisha maji upande wa matundu. Bila yake maji yanaingia kwenye spika, kwenye plagi za swichi, na hatimaye kwenye zulia. Tunaliumia sana jambo hili, maana nailoni ni kitu rahisi na hasara ya kuikosa ni kubwa. Ikiwa yako imeshachanwa, kata nyingine ngumu, ibandike ukingo wote, na sehemu ya chini uiingize ndani ya uwazi wa mlango ili maji yamwagikie ndani ya bati.

Mota mpya ama ya mtumba?

Mota halisi ya Kijapani iliyotumika, ikiwa imetoka kwenye gari ambalo halikuishi pwani, mara nyingi hushinda mpya ya bei ya chini isiyo na jina. Muuzaji mzuri atakubali uijaribu kwa betri pale pale dukani. Isikilize: sauti iwe moja, isiyopanda na kushuka. Iangalie plagi, ukijani wowote, iache.

Usiende dukani na jina la gari tu. Nenda na mota yenyewe, kwa sababu gari la aina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na mota mbili tofauti. Linganisha upande, kulia au kushoto, kisha idadi ya pini kwenye plagi, mashimo ya boliti, na idadi ya meno ya gia. Ya pini mbili haifai mahali pa ya pini sita hata kama inaingia boliti. Ukiagiza kutoka Mombasa, ambako ni kama kilomita 120, au Nairobi, tuma picha ya pande zote pamoja na namba iliyoandikwa kwenye mota.

Naweza kuibadilisha mwenyewe?

Unaweza, ukiwa na subira, kivuli na nusu siku. Fundi aliyezoea humaliza kwa saa moja au mbili. Utahitaji bisibisi ya nyota, soketi ya 10, bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, tepu ya karatasi yenye nguvu, na glavu. Usidharau glavu, kingo za bati ndani ya mlango zinakata.

Kama kioo bado kinasogea, kiweke mahali boliti zake zinapoonekana kwenye matundu ya ndani ya mlango. Chomoa waya wa kutoa wa betri. Tafuta skrubu za paneli: moja hujificha nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine chini ya kifuniko kidogo ndani ya kishikio cha kuvutia mlango. Zikitoka, ingiza bisibisi ya kitambaa pembeni chini na uvute klipu moja moja. Ukihisi kitu kimegoma, usivute kwa nguvu, kuna skrubu hujaiona. Klipu zote zikiachia, inua paneli kwenda juu kwa kuwa imeninginia kwenye ukingo wa dirisha, kisha uchomoe plagi za swichi na waya wa kitasa. Klipu za zamani huvunjika kwa joto letu, hivyo nunua chache za akiba kabla hujaanza.

Bandua nailoni polepole kwa kukata gundi yake kwa kisu, usiiguse kwa vidole vyenye vumbi. Fungua boliti mbili zinazoshika kioo, kisukume juu kwa mkono hadi mwisho, ukifunge kwa tepu inayopita juu ya fremu kutoka ndani hadi nje. Tumia tepu nyingi. Kioo kikishuka ukiwa na mkono ndani, utakumbuka.

Sasa fungua boliti za mashine, ikunje na uitoe kupitia tundu kubwa la mlango. Mota hushikwa na boliti tatu. Piga picha kabla ya kuitenganisha. Kwenye mashine ya kebo, angalia gurudumu lisitoke mahali pake, maana kebo ikilegea na kuchomoka kuirudisha kunachosha. Panga gia mpya, funga, tia grisi nyeupe kidogo kwenye reli, rudisha ndani. Kabla ya kurudisha paneli, chomeka swichi, rudisha betri, na upandishe na kushusha kioo ukikitazama. Kikienda pembe, legeza boliti za kioo, kipandishe hadi juu kikae sawa, kisha uzikaze. Nailoni ndiyo ya mwisho kabla ya paneli.

Nimesikia mashine ya mkasi inaweza kukata kidole. Ni kweli?

Ni kweli. Mashine za mikono miwili inayopishana zina springi nene inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Mota na gia yake ndivyo vinavyoizuia. Ukifungua boliti za mota mashine ikiwa imekunjwa, mikono inaruka kwa nguvu yote ya springi. Kabla hujagusa boliti hizo, bana bamba la gia kwa jiriwa, au pitisha boliti kwenye tundu la bamba hadi kwenye kiungo chake lisiweze kuzunguka. Kama huna jiriwa, usiifungue.

Gari langu lina eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) za pembeni. Niogope?

Uwe makini. Baadhi ya magari yana kipima mgongano ndani ya mlango wa mbele. Zima swichi, chomoa waya wa kutoa, na usubiri. Toyota hutaka angalau sekunde 90. Usiwashe swichi kipima hicho kikiwa kimechomolewa, taa ya eabegi itawaka na kubaki. Pia, redio nyingi zenye ramani zilizokuja na magari ya Japani hujifunga na kudai namba ya siri betri ikitolewa. Uliza fundi wa redio kabla.

Nimefunga mota mpya. Kioo kinapanda hadi juu kisha kinashuka chenyewe.

Mota haijajua mwisho wake uko wapi. Kwenye magari mengi, shusha kioo nusu, kipandishe hadi juu na uendelee kuvuta swichi kwa sekunde chache. Kwenye Toyota nyingi taa ya swichi ya dereva iliyokuwa ikiwaka na kuzimika itatulia. Ikiendelea kurudi, kuna kinachokibana na kinga ya kubana vidole imekiona. Usikubali kinga hiyo izimwe. Kioo cha umeme kina nguvu ya kumuumiza mtoto aliyetoa kichwa dirishani, na si magari yote yenye kinga. Ukibeba watoto, tumia kufuli la vioo.

Nipake oili kwenye raba ili kioo kiwe chepesi?

Hapana. Oili na grisi huvimbisha raba na kukamata mchanga. Osha raba kwa maji na sabuni kidogo, futa kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, ikaushe, kisha pulizia silikoni. Raba iliyopasuka ibadilishwe.

Fyuzi inakatika, fundi akanitilia kubwa zaidi. Ni sawa?

Itoe leo. Fyuzi hulinda nyaya zisiwake moto. Rudisha ya ampea iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi na utafute kinachoikata, aghalabu waya uliochubuka au kioo kilichobanwa.

Niko Mokowe, kule Lamu, na kioo kimeanguka ndani. Nitafikaje Malindi na gari wazi?

Safari ni zaidi ya kilomita 200, hivyo kipandishe kwanza. Jaribu mtu mmoja abonyeze swichi ya kupandisha huku mwingine anakibana kioo kwa viganja pande mbili na kukivuta juu. Kikikataa, toa paneli, fungua boliti za kioo, kisukume juu, na ukaze kipande cha mbao chini yake ndani ya mlango kiegemee bati, mbali na nyaya. Funga tepu juu ya fremu. Chomoa plagi ya mota hiyo ili mtu asije akabonyeza kwa mazoea. Ukifika, tuambie umeweka mbao upande gani kabla hatujafungua mlango.